Shemeji ananiuzia fimbo zake za gofu, nami naogopa kukataa

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 41. Nilianza kujifunza gofu miezi minne iliyopita. Nafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa fimbo za kuazima za kocha wangu. Natumia mkono wa kulia, na urefu wangu ni sentimita 160. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo, na sasa nataka ninunue fimbo zangu mwenyewe; mume wangu anajua na ameridhia.

Shida imeanzia kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyenipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, na hilo silisahau. Sasa amenunua fimbo mpya na anataka kuniachia za zamani, zote 14 pamoja na begi. Bei aliyotaja inamaliza akiba yangu yote, ila anasema ni bei ya undugu na kwa mtu baki angedai mara mbili. Shemeji ni mtu mrefu, sentimita 188. Vyuma vyake (fimbo zenye vichwa bapa vya chuma) ni kuanzia namba 3 hadi weji (fimbo fupi za kuinua mpira), vichwa vyake ni vyembamba kama kisu, mipini ni ya chuma na imeandikwa herufi S. Draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, imeandikwa 9. Alinipa nijaribu siku moja, nikapiga mipira kama 40 kwenye mkeka. Mingi ilienda chinichini na upande wa kushoto, na vifundo vya mikono vikaniuma siku tatu. Shemeji akaniambia nitazoea, kwamba fimbo ngumu ndizo zinazomfundisha mtu.

Dukani nimeona seti mpya ya wanawake kwenye boksi, "vipande 11". Bei yake inazidi akiba yangu kwa robo, na muuzaji amekubali nimalizie kwa awamu. Mtandaoni nako kuna tangazo la seti ya chapa kubwa, toleo la mwaka huu, mpya kabisa, kwa theluthi ya bei ya dukani. Kocha kwa upande wake anasema nitafute fimbo saba tu zilizotumika, zinatosha. Lakini nikijiona naingia uwanjani na begi nusu tupu, naona aibu.

Mume wangu anasema nisimvunje moyo kaka yake. Kila tukikutana shemeji ananiuliza, "Vipi, nikuletee lini?" Nikinunua na zisinifae, akiba ya mwaka imekwenda. Nikikataa, nitaonekana sina shukrani. Nifanyeje?

Nusu Begi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika kwa makini, umetoa hata urefu na herufi ya mpini, na hilo linarahisisha kazi yetu sote wawili.

Ninavyokuelewa, kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni fimbo zipi zinaufaa mwili wako na mfuko wako. La pili ni utazungumzaje na shemeji, na pia na mumeo, bila kuharibu undugu. Sasa hivi woga wa hilo la pili ndio unaojibu la kwanza. Tuyafungue, tuanze na fimbo, kwa sababu fimbo hupimika. Ukishakuwa na vipimo mkononi, hata maneno ya kumwambia shemeji yatakuwa mepesi kutafuta.

Kwanza nikuulize: nani alikwambia begi lazima liwe na fimbo 14? Kanuni za gofu zinasema mchezaji asizidishe 14. Hazisemi asipunguze. Kikomo hicho kiliwekwa Marekani mwaka 1938, na Uingereza ikafuata mwaka 1939, kwa sababu wachezaji wakubwa walikuwa wanabebesha wasaidizi wao fimbo zaidi ya 20. Ni dari, si sakafu. Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo kocha wako analiona hata kama hakulieleza. Kwa mtu wa miezi minne, mpira wa chuma namba 6 na wa namba 7 huangukia karibu sehemu moja. Tofauti kati ya pigo lako zuri na pigo lako la kawaida ni kubwa kuliko tofauti kati ya fimbo hizo mbili. Chuma namba 3 na namba 4, tena vya vichwa vyembamba, hata wachezaji wa miaka mingi wameviacha wakachukua haibridi, fimbo iliyo kati ya chuma na mbao yenye kichwa kinene. Kwa hiyo katika zile 14 za shemeji, hesabu ni ngapi utazitoa kwenye begi mwaka huu. Nadhani hazifiki nane.

Sasa urefu. Wengi hupima urefu wa mtu na kuishia hapo, lakini kipimo kinachosema kweli ni kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kwa sababu watu wawili wa sentimita 160 wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa. Unavaa viatu vyako vya mchezo, unasimama wima, mikono inaning'inia, na mtu mwingine anapima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi sakafuni. Chati za watengenezaji hutofautiana kidogo, lakini kwa jumla mtu anayepata takriban sentimita 86 hadi 94 hutumia urefu wa kawaida wa fimbo za wanaume. Chini ya hapo fimbo fupi huanza kusaidia. Chuma namba 7 cha kawaida cha wanaume kina kama inchi 37, na cha wanawake kama inchi 36. Kama shemeji aliongezewa urefu kwa sababu ya kimo chake, na watu wa sentimita 188 mara nyingi huongezewa, basi unashika fimbo inayokuzidi kwa inchi mbili.

Inchi mbili zinafanya nini? Unaposimama na fimbo ndefu kupita kiasi, mikono inapanda na ncha ya kichwa cha fimbo inanyanyuka kutoka ardhini. Kisigino cha kichwa kinagusa nyasi kwanza, na uso wa fimbo unaangalia kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Mipira yako ilikwenda kushoto. Huenda ni kosa la mkono, sikatai, lakini huenda wewe ulipiga sawasawa na fimbo ndiyo iliyoupeleka mpira huko. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko bei: mwanafunzi mwenye fimbo isiyomfaa hujifunza kuirekebisha fimbo kwa mwili wake. Anapinda mgongo, anavuta mikono ndani, na miezi sita baadaye kocha anakuwa na kazi ya kubomoa kabla ya kujenga.

Unaweza kulijua hili bila kubahatisha, na kwa gharama ya kalamu moja. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, kisha uweke mpira ili mstari huo usimame wima ukitazamana na uso wa fimbo. Piga. Wino utajichapa kwenye uso wa chuma. Mstari ukisimama wima kwa mistari iliyochongwa kwenye uso, mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, unakufaa. Ukiwa umeinama, haukufai. Fanya hivyo kwa mipira kumi, maana mmoja hausemi kitu. Halafu ufute, unyunyize poda ya miguu kwenye uso wa fimbo na upige mingine kumi. Kila pigo litaacha alama pale mpira ulipogusa. Alama zikikusanyika katikati, vizuri. Zikirundikana upande wa kisigino, hiyo ni dalili nyingine kwamba fimbo ni ndefu kwako. Fanya jaribio hilohilo kwa chuma namba 7 cha kocha, siku hiyohiyo, upige picha nyuso zote mbili. Picha hizo zitakufaa baadaye, nitazirejea.

Herufi S kwenye mpini inamaanisha mgumu. Kuna L kwa wanawake, A kwa wazee, R wa kawaida, S mgumu na X mgumu zaidi. Usizichukue herufi hizi kama kipimo cha dukani, kwa sababu hakuna kiwango kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. R ya mmoja inaweza kuwa sawa na S ya mwingine. Lakini mpini wa chuma wenye S kwa kawaida ni mzito pia, mara nyingi gramu 120 au zaidi, wakati mipini ya grafaiti ya vyuma vya wanawake huwa kama gramu 50 hadi 60. Ukiubeba uzito huo mara 40 ndani ya saa moja, mikono inachoka, kasi inashuka, mpira haupandi. Ndiyo maana ilikwenda chinichini.

Na vichwa vile vyembamba? Vinampendeza anayepiga katikati kila mara. Uzito wake wote umekusanyika nyuma ya sehemu ndogo, kiasi cha sarafu. Ukikosea kidogo, kichwa kinajizungusha na mtikisiko unapanda mpaka kwenye vifundo. Tangu miaka ya 1960, Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya Ping, aliwaonyesha watengenezaji kwamba uzito ukisogezwa pembezoni mwa kichwa, pigo la pembeni halipotei sana. Vyuma vyenye mgongo uliochimbwa na kitako kipana, ambavyo leo huuzwa kwa wanaoanza, vimetokana na wazo hilo. Mchezaji wa kiwango chochote anaweza kuvitumia bila kuona haya.

Kuhusu maumivu, naomba uwe mwangalifu kidogo kabla ya kuilaumu fimbo peke yake. Ulipiga kwenye mkeka. Mkeka mgumu juu ya saruji hauachii kama udongo unavyoachia, na anayegonga nyuma ya mpira hupokea mgongano wote mikononi. Je, kwa fimbo za kocha, kwenye mkeka huohuo, vifundo huuma? Kama haviumi, jibu linaelekea kwenye fimbo. Kama huuma pia, tatizo linaweza kuwa mkeka, au jinsi unavyobana gripu, ule mpira wa kushikia mpini. Na maumivu yakirudi tena au yakiambatana na ganzi, daktari aangalie kabla ya duka.

Draiva ya nyuzi 9 za mwinamo wa uso niipite haraka: ni ya mtu mwenye kasi kubwa. Mwinamo mdogo wa uso huukuza mzunguko wa pembeni, na mpira unaokata kona kidogo unakata kona sana. Anayeanza hupata nafuu kwenye nyuzi 12 au zaidi, na wengi hufanya vizuri zaidi wakiiacha draiva kabisa kwa mwaka wa kwanza na kuanzia kila shimo na mbao namba 5 au namba 7. (Tunaziita mbao kwa mazoea, vichwa vyake siku hizi ni vya chuma.)

Huenda unawaza kwamba fimbo za shemeji zinaweza kukatwa. Zinaweza. Lakini fuata hesabu yake hatua kwa hatua. Gripu inavuliwa, mpini unakatwa juu, gripu mpya inavishwa. Kila nusu inchi inayokatwa inapunguza uzito wa kichwa unaouhisi unapozungusha, na ukifika inchi mbili, kichwa kinakuwa kama hakipo, mkono haujui kiko wapi. Fundi anaweza kuongeza vipande vya risasi kurudisha uzito. Mpini uliofupishwa nao unakuwa mgumu zaidi, na ule ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Kisha mlalo wa kila kichwa upindwe shingoni kwa mashine, nyuzi moja au mbili, kwani zaidi ya hapo shingo za baadhi ya vichwa zinaweza kupasuka. Zidisha kazi hiyo kwa vyuma vyote, ongeza bei ya gripu mpya 13 au 14, ndipo uijue bei kamili ya undugu. Muulize fundi akuandikie makadirio. Ikitoka ndogo, basi nimekosea kuogopa. Ikitoka kubwa, una namba ya kumwonyesha shemeji.

Lakini si kila kitu kwenye begi lile hakikufai. Fimbo ya kusukumia kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) na weji ya mchanga hazidai kasi wala ugumu fulani wa mpini. Fimbo ya kusukumia hukatwa bila hasara kubwa. Za kawaida huwa inchi 33 hadi 35, na kwa kimo chako 32 au 33 inaweza kutosha. Utajua kwa kuinama kwa raha, mikono ikining'inia chini ya mabega na macho yakiwa juu ya mpira. Usiidharau fimbo hiyo. Uwanja wa mapigo 72 umepangwa kwa mapigo mawili ya grini kila shimo, yaani 36, nusu kamili. Weji ya mchanga nayo ni fupi hata kwa wanaume. Begi lenyewe ni zuri kama zipu na mikanda ni mizima. Kwa hiyo kati ya "nachukua zote" na "sitaki" kuna "shemeji, naomba hivi vitatu".

Hapo tunafika kwa watu. Umeniandikia kana kwamba shemeji ataumia ukikataa. Inawezekana. Lakini je, umewahi kumwambia kwamba mikono iliuma? Ama ulitabasamu ukasema utazoea? Huenda anajua urefu wako na hajawahi kuufikiria, maana mtu hupenda fimbo zake kama anavyopenda viatu vilivyokwisha kumkaa. Mtu anayesema "bei ya undugu" mara nyingi anaamini kweli kwamba anasaidia. Nisingependa umkadirie nia mbaya, wala nisingependa wema wake uugeuze kuwa deni la vifundo vyako.

Ningeanza na mumeo, faraghani, kabla ya kikao chochote na kaka yake. Amekwambia usimvunje moyo, lakini hajakwambia umalize akiba kwa kitu kisichokufaa. Ni vitu viwili tofauti, na pengine yeye mwenyewe hajavitenganisha. Mwonyeshe zile picha mbili za poda. Kisha mkubaliane nani ataongea. Kama ni wewe, unaweza kusema, kwa maneno yako: "Shemeji, wewe ndiye uliyenipeleka uwanjani na nakushukuru. Nimezijaribu fimbo zako pamoja na za kocha, alama ndizo hizi. Vyuma vinanizidi urefu na mikono inauma. Naomba ninunue fimbo ya kusukumia, weji ya mchanga na begi, na unisaidie kuchagua nyingine." Mkabidhi kazi. Anayejua fimbo hufurahi kuulizwa, na ukienda naye kukagua zilizotumika, jicho lake lina thamani.

Hatari ipo. Anaweza kusema hagawi seti. Ana haki. Seti iliyopunguzwa huwa ngumu kuuza, ingawa weji na fimbo za kusukumia mara nyingi huuzwa mojamoja na vyuma vikabaki pamoja. Anaweza pia kununa kwa muda. Wewe ndiye unayejua familia hiyo, kama kununa kwake ni kwa wiki moja au kwa miaka. Ukiona ni kwa miaka, kuna njia ya kati: mwombe akuazime seti kwa wiki mbili, utumie mbele yake, naye aone mipira inavyokwenda. Uwanja utasema mengi usiyotaka kuyasema wewe.

Seti ya boksi haina ubaya wenyewe. Mipini ni ya grafaiti, vichwa vinasamehe makosa, urefu ni wa wanawake, kila kitu kinalingana. Kwa mtu asiye na muda wa kutafuta, ni njia yenye amani. Uliza mambo matatu tu. "Vipande 11" ni vipi? Mara nyingi begi na vifuniko vya vichwa huhesabiwa humo, ukakuta fimbo ni saba au nane. Weji ya mchanga imo? Katika baadhi ya seti za bei nafuu haimo, na bila hiyo kutoka kwenye mchanga ni mateso. Na je, wanakuruhusu upige chuma namba 7 cha seti hiyo mipira michache kabla ya kulipa? Kuhusu awamu, nakuuliza wewe, si muuzaji: riba ni kiasi gani, na kama mwezi wa tatu uwanja ukikuchosha, bado utalipa kwa moyo mweupe? Seti hizi zikifunguliwa hushuka bei haraka kuliko fimbo za chapa zilizokwisha kutumika.

Tangazo la mtandaoni: toleo la mwaka huu, jipya, kwa theluthi ya bei. Gofu ina bidhaa bandia nyingi, na huuzwa hivyohivyo. Dalili zake ni rangi ya nembo iliyopakwa bila usawa, herufi zilizonenepa kuliko za asili, namba ya utambulisho shingoni iliyokosekana, na kichwa chepesi kuliko inavyostahili. Mwombe muuzaji picha ya namba hiyo, uipeleke kwa mtengenezaji akuthibitishie. Akikataa kuituma, umepata jibu lako bila kutumia fedha.

Sasa ushauri wa kocha. Saba zinaweza kuwa hizi: mbao namba 5 au 7, haibridi namba 5, chuma namba 7, chuma namba 9, weji ya kawaida, weji ya mchanga ya nyuzi 54 hadi 56, na fimbo ya kusukumia. Zikiwa zimetumika, fedha yako inaweza kutosha na kubaki ya mafunzo. Lakini kuna mtego ambao wengi hunaswa nao wanapookota mojamoja: namba iliyochongwa kitakoni si kipimo. Zamani chuma namba 7 kilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 au 35. Leo vya wanaoanza vinafika 30 au hata 28. Ukinunua chuma namba 9 cha zamani chenye nyuzi 44 na weji mpya yenye nyuzi 44, una fimbo mbili za kazi moja. Na kati ya weji ya 44 na weji ya mchanga ya 56 kuna pengo la nyuzi 12, ilhali pengo la kawaida ni 4 hadi 6. Kwa hiyo usiulize namba, uliza nyuzi. Vyuma namba 7, 9 na weji vitoke seti moja kadiri iwezekanavyo.

Unapokagua, nenda mchana. Tazama uso kwanza. Mistari iwe na kingo, na pasiwe na doa laini linalong'aa katikati. Kwenye mbao au draiva, weka rula usoni uone kama pamebonyea, kisha gonga kidogo kwa ukucha, mlio wa ufa hauna uimara. Tikisa kichwa. Kikichakacha, mara nyingi ni punje ya gundi, lakini omba punguzo. Angalia pete nyeusi ya plastiki shingoni. Ikiwa imeachana na kichwa, jaribu kuvuta na kuzungusha kichwa, kwani kinachocheza hata kidogo kinaweza kuruka. Mpini wa chuma ubiringishe mezani uone kama umepinda. Wa grafaiti upitishie pamba taratibu kuanzia shingoni kwenda juu: pamba ikinasa nyuzi, pana ufa, na mpini wa aina hiyo siku moja hukatika katikati ya pigo. Huo usiuchukue hata kwa bure.

Gripu ngumu zinazong'aa zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi. Zikibaki zinateleza, zihesabu ndani ya bei. Kuhusu unene wake, shika kwa mkono wa kushoto. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kwa wepesi nyama iliyo chini ya dole gumba. Zikizama kiganjani, gripu ni nyembamba. Pakibaki nafasi, ni nene. Gripu ya shemeji itaacha nafasi, nina hakika karibu kamili, na mkono usioweza kuifunga fimbo hubana kwa nguvu mpaka vifundo viume.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, ya kutonunua chochote kwa miezi miwili. Fimbo za kocha bado zipo, na kasi yako bado inabadilika kila wiki. Hasara yake ni kwamba unategemea muda wa kocha, na shemeji ataendelea kuuliza "lini". Kumjibu "nimeamua kusubiri hadi mwezi fulani" ni rahisi kuliko kumjibu kwa kicheko kila mara.

Na ile aibu ya begi nusu: begi lenye fimbo saba ni jepesi, unalibeba mwenyewe mashimo yote 18, na unachagua haraka bila kuwachelewesha walio nyuma yako. Wachezaji hukasirikia sana mwenzao anayechelewesha.

Ile namba ya kifundo hadi sakafuni huwezi kujipima mwenyewe, kwa sababu ukiinama kuisoma, mkono unashuka. Mwite mumeo jioni ya leo akushikie futikamba, na aandike yeye kwenye daftari lako la akiba. Mkiwa mmekaa na namba hiyo, muulize mumeo: na namba ya kaka yake ni ngapi?